Mbiu ya Maji: Newala, Bonde la Ruvuma na Tahadhari ya Nyumbani

Katika mji wa Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pana mahali paitwapo Shimo la Mungu. Mtu asimamaye hapo huona ardhi ikikatika ghafla mbele ya miguu yake, na macho yake hushuka genge mpaka nchi ya chini, iliyoenea kwa misitu na mashamba kuelekea Mto Ruvuma na Msumbiji. Nyuma yake upo mji ambao kwa vizazi vingi haukuwa na maji ya kutosha kujaza mitungi yake. Mbele yake lipo bonde la mto ambao katika miezi ya mvua huweza kuvuka kingo zake na kuchukua mpunga, mbuzi na nyumba. Juu ni kiu, chini ni gharika. Historia ya tahadhari katika Newala ni historia ya watu waliojifunza kuishi baina ya hali hizo mbili, na ambao kila kizazi chao kililazimika kuchagua ni adui yupi kati ya hao wawili ajengewe boma kwanza.

Siku hizi neno tahadhari limefungamana na mitambo: satelaiti iangaliayo mawingu ya bahari, redio itangazayo, na simu iletayo habari mfukoni. Vyombo hivyo vina thamani kubwa wala haifai kuvibeza. Walakini wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Hawakusema kwamba mbiu yenyewe huliondoa jambo hilo. Mbiu ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya yule apulizaye, na nusu ya pili ni ya nyumba isikiayo. Mambo yaliyotukia kusini mwa Tanzania yaonyesha kwamba nusu ya kwanza imekua sana katika muda wa miaka 70, na kwamba nusu ya pili ilikuwako zamani kwa namna yake, ikapungua, na sasa yahitaji kujengwa upya.

Wamakonde wa kale walikuwa na masimulizi juu ya asili yao. Wageni waliofika pwani ya kusini zamani za utawala wa Wajerumani waliyaandika, na mmoja wao alikuwa Karl Weule, mtaalamu kutoka Leipzig, aliyekaa Newala mwaka 1906 na kutoa kitabu cha safari yake mwaka 1908. Kwa muhtasari, masimulizi hayo yasema kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, na sanamu ile ikawa mwanamke, naye akamwoa. Walipokaa mabondeni karibu na mito mikubwa, watoto wao walizaliwa wafu. Walipopanda nchi ya juu, pande za Mahuta, mtoto aliyezaliwa huko akaishi. Kwa hiyo wazee wakawausia wana wao wakae juu, mbali na maji makubwa.

Watu wengi hulikumbuka simulizi hili kwa sababu ya sanamu, maana uchongaji ndio ulioieneza sifa ya Wamakonde duniani. Lakini ndani yake mna jambo jingine, nalo ni onyo. Halikutaja furiko kwa jina. Lilitaja vifo vya watoto. Maarifa ya leo yaweza kufikiri juu ya mbu na homa ya malaria, na hapana shaka bonde lenye maji yaliyotuama lilikuwa na hatari hiyo. Hata hivyo, onyo la wazee halikubagua ugonjwa na gharika. Lilisema tu kwamba maji makubwa yana mauti, na likaigeuza habari hiyo kuwa kanuni ya makazi. Hiyo ndiyo tahadhari iliyo na nguvu kuliko zote, kwa kuwa haikumngoja mpiga mbiu: mtu aliyejenga juu alikuwa amekwisha kulitii onyo kabla ya wingu la kwanza kutanda.

Sababu nyingine ziliongeza nguvu ya kanuni hiyo. Katika karne ya 19 biashara ya watumwa ilipita nchi za Ruvuma kwenda pwani, na baadaye Wangoni, waliojulikana kusini kwa jina la Magwangwara, waliteremka kuteka nyara. Mwaka 1882 waliushambulia Masasi, mahali ambapo Askofu Edward Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu alikuwa ameweka mwaka 1876 makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Kazi ya misheni ikahamia Newala kwa muda. Vichaka vizito vya uwanda wa Makonde, vyenye njia nyembamba zijulikanazo na wenyeji tu, vilikuwa ngome bora kuliko ukuta. Basi watu wa juu waliepukana na maadui wawili kwa mara moja: mto na mtekaji.

Lakini usalama huo ulikuwa na bei yake, nayo ni kiu. Uwanda wa Makonde hupata mvua ya kadiri katika mwaka, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Udongo wake wa juu ni wa mchanga, na maji ya mvua huuchuja upesi yakazama ndani sana, kisha hutokea tena chini ya genge, katika chemchemi na visima. Weule aliona na kuandika jinsi wanawake wa Newala walivyotumia sehemu kubwa ya siku kushuka kwenye visima na kupanda tena na mitungi. Jina la Newala Kisimani, lililoko mpaka leo, lakumbusha ya kuwa maji yalikuwa mahali pa kuendea, si kitu cha nyumbani. Mzigo wa usia wa wazee haukuwaelemea wote sawasawa: mwanamume alilindwa na mlima, na mwanamke alilindwa na mlima huo huo kisha akaulipia kila asubuhi kwa shingo yake.

Kiu hiyo ilizaa elimu ya nyumbani. Familia ya Newala ilijifunza kuihesabu mvua kabla haijanyesha. Zamani maji yalikingwa kwa vyungu chini ya michirizi ya paa la nyasi. Mikorosho ilipoenea na fedha ya korosho ikaingia, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wenye uwezo waliezeka mabati, wakachimba mabirika ya saruji kando ya nyumba na kuyaelekeza maji ya paa humo. Birika lina adabu zake. Hapana budi lisafishwe kabla ya mvua za mwanzo. Mfereji wa bati uondolewe majani na vinyesi vya ndege. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa maana ndiyo yaoshayo paa. Nyufa zizibwe wakati wa kiangazi, si wakati wa masika. Kisha baada ya mvua kwisha, mama wa nyumba hukadiria kina cha maji na kuyagawa kwa miezi iliyosalia. Mtu aliyelizembea birika lake mwezi wa Oktoba hulijua kosa lake mwezi wa Septemba unaofuata.

Serikali nayo iliingia katika kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 liliundwa Shirika la Maji la Makonde, ambalo liliyapandisha maji kwa pampu kutoka nchi ya chini mpaka juu ya uwanda. Tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Ufini ilisaidia miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Miradi hiyo iliwapunguzia wanawake wengi safari ya genge. Walakini pampu huharibika, mafuta huadimika, na mabomba huchakaa. Kila mtambo uliposimama, nyumba iliyokuwa imelitunza birika lake ilikunywa maji, na nyumba iliyokuwa imeliacha likapasuka kwa kulitegemea bomba ilirudi kisimani. Hapa pana fundisho ambalo halihusu kiu peke yake: msaada wa mbali ni mzuri, ila haujazi pengo la matayarisho ya nyumbani.

Elimu ya birika ilikuwa elimu ya uchache. Elimu ya wingi wa maji ilihitajika kwingine, chini bondeni, na huko watu walirudi kidogo kidogo. Hofu ya watekaji ilikwisha, idadi ya watu juu ya uwanda iliongezeka, na ardhi ya mchanga ilichoka kwa kulimwa. Bonde la Ruvuma na mabonde madogo yanayoliingia yana udongo mweusi ushikao unyevu, unaofaa mpunga na mboga hata baada ya mvua kwisha. Katika miaka ya 1970 kaya zilizotawanyika zilikusanywa vijijini, na mpango wa makazi ukafuata barabara, shule na zahanati zaidi ya usia wa kale. Si haki kumlaumu mtu aliyeshuka bondeni. Alifuata chakula, na chakula ndicho kilichokuwako. Lakini aliposhuka, aliiacha juu ile kanuni iliyokuwa ikimlinda bila ya yeye kuifikiri, na hakuwa na kanuni nyingine ya kushika mahali pake.

Tena Ruvuma ni mto wenye hila. Maji yake huanza mbali, katika milima ya Songea, na mkono wake mkubwa, Lugenda, watoka ndani ya Msumbiji. Kwa hiyo mto waweza kujaa Newala siku ambayo mbingu ya Newala ni nyeupe. Methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu ni kweli kwa mkulima wa juu ya uwanda. Kwa mkulima wa bondeni haitoshi, kwa sababu mawingu yake yapo kwa watu wengine, na baadhi ya watu hao wako upande wa pili wa mpaka wa dola. Yeye huzitazama dalili nyingine: maji kubadilika rangi, magogo na majani mabichi kuelea, na sauti ya mto kuwa nzito usiku. Dalili hizo ni za kweli, ila hutoa nafasi ndogo. Huonyesha kwamba gharika imefika jirani. Hazionyeshi kwamba imeanza safari.

Wapo watu wa Tanzania waliolijua furiko kwa karne nyingi, nao ni wa Rufiji, kaskazini ya Lindi. Warufiji hawakulichukulia furiko kuwa adui tu. Maji yalipopungua yaliacha rutuba, wakapanda mazao ya mlau katika udongo uliolowana. Kwa ajili ya kulinda mashamba na nafsi zao walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakaishi humo msimu wa kilimo. Baada ya furiko kubwa la mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni kwenda vijiji vipya vya nchi ya juu. Waliokolewa na maji, lakini mashamba yao yakawa mbali, na maarifa ya dungu yakaanza kufifia pamoja na makazi. Rufiji na Newala, kwa njia zilizopingana, zafundisha jambo moja. Huko watu walipandishwa wakaacha elimu ya bonde. Huku watu walishuka bila ya kuwa nayo. Mahali pa kukaa paweza kubadilishwa kwa amri ya siku moja, lakini elimu ya mahali hapo haihamishwi kwa lori.

Hatari ya pili ya kusini hutoka baharini. Vimbunga vya Bahari ya Hindi aghalabu huzaliwa mashariki na kuelekea Madagaska na Msumbiji. Mara chache hukaribia ikweta, na kwa hiyo pwani ya Kiswahili imezoea kujiona salama. Mazoea hayo yamekanushwa zaidi ya mara moja. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaziangamiza merikebu za Sultani Barghash na kuing'oa mikarafuu mingi sana. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kiliingia nchi kavu katika pwani ya Lindi. Wakati huo Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilikuwako tangu mwaka 1929, lakini satelaiti ya kuyatazama mawingu haikuwako bado duniani, na matangazo ya redio ya Dar es Salaam yalikuwa yameanza mwaka uliotangulia tu, na nyumba zenye redio kusini zilihesabika. Mbiu haikuwa na pumzi ya kufika.

Nusu hiyo ya kwanza ya mbiu ilijengwa baadaye hatua kwa hatua. Idara ya pamoja ilipovunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kila nchi ilibaki na yake. Tanzania iliunda Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999, ambao uligeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Sheria za maafa nazo zilitungwa mwaka 1990, mwaka 2015 na mwaka 2022, na kwa sheria hizo kazi ya tahadhari na uokoaji ilipewa kamati tangu taifa hata kijiji. Basi katika karatasi, ngazi imekamilika kutoka kwa mtaalamu aitazamaye bahari mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji aliye chini ya genge la Newala.

Mwezi wa Aprili 2019 ngazi hiyo ilijaribiwa. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini ya Madagaska, kikavipiga visiwa vya Komoro na kuelekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema. Shule na kazi zilisimamishwa Mtwara, na watu wa sehemu za chini wakaambiwa waende mahali pa juu na katika majengo imara. Tarehe 25 Aprili kimbunga kiliingia nchi kavu upande wa kusini, katika jimbo la Cabo Delgado, kikaleta maafa makubwa kwa watu wa huko. Upande wa Tanzania ulinusurika.

Hapo ndipo ulipozaliwa mtihani ambao vyombo haviwezi kuutatua. Mtu aliyeacha nyumba yake, akalala ugenini na watoto, kisha akarudi akakuta paa lake zima, anaweza kusema moja ya maneno mawili: "Mungu ametunusuru", au "Walitudanganya." Maneno haya mawili ndiyo yatakayoamua atafanya nini mbiu ikilia tena. Watabiri wa hali ya hewa hupima njia ya kimbunga kwa uwezekano, na kilomita 100 kusini au kaskazini ni kosa dogo katika ramani ya bahari, ingawa ni jambo la uhai na mauti katika nchi. Onyo ambalo halikutimia si uongo. Wamakonde wa zamani hawakumwita mzee wao mwongo kwa sababu mto haukujaa mwaka ule.

Miaka mitano baadaye jambo lilitimia kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania, onyo likatolewa, na tarehe 4 Mei nguvu zake zikaishia karibu na Mafia. Upepo ulipungua, lakini mvua iliyofuata iliharibu madaraja na makalavati ya barabara kuu baina ya Dar es Salaam na Lindi, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa barabara kwa siku kadhaa. Newala, iliyo mbali na bahari na juu ya mlima, haikuwa katika njia ya kimbunga. Hata hivyo bidhaa na mafuta yake hupita katika barabara ile ile. Mtu wa juu aliyedhani kwamba gharika ni shauri la watu wa chini alijifunza kwamba maji yaweza kumfikia dukani bila ya kumfikia mlangoni.

Basi ni nini kinachobaki kufanywa katika nusu ya pili ya mbiu? Kwanza ni lugha na sauti. Tangazo lisemalo kwamba mvua kubwa ya milimita kadha inatazamiwa katika mikoa kadha ni sahihi kwa karani; kwa bibi mkulima wa bondeni halijawa tangazo mpaka limwambie kama ahamishe mbuzi usiku huu au kesho. Kazi ya kulitafsiri ni ya mtu wa karibu anayeaminiwa, na sauti ya kuwaamsha watu, iwe ya ngoma, ya kengele au ya pembe, yapasa kukubaliwa kabla ya masika. Pili ni jirani wa ng'ambo. Mto mmoja hauwezi kulindwa na nusu yake. Habari za maji ya Lugenda zina faida kwa Newala kuliko mawingu ya Newala yenyewe. Tatu, na ndilo kubwa, ni nyumba.

Nyumba iliyo tayari haitambulikani kwa utajiri wake. Hutambulikana kwa maswali yaliyokwisha kujibiwa siku ya jua. Nani atambeba nyanya asiyeweza kutembea? Njia gani ya kupanda ambayo haikatwi na korongo? Mbegu za mwakani zimehifadhiwa wapi, chini sakafuni au juu ya dari ya moshi jikoni? Hati, dawa na akiba ya chakula zimo katika kitu kimoja kinachobebeka, au zimetawanyika? Ni jamaa gani wa juu ya uwanda atakayewapokea, naye ameambiwa? Maswali haya hayahitaji mtambo. Yanahitaji mazungumzo ya jioni moja, na kurudiwa kila mwaka kabla ya mvua.

Na mwalimu wa mazungumzo hayo hatoki mbali. Ni yule mama wa Newala alisafishaye birika lake mwezi wa Oktoba. Anajua kwamba maji yatakuja ingawa mbingu ni kavu. Anajua ufa mdogo huzibwa kabla ya masika. Anajua kwamba mwaka ambao mvua ilichelewa haukuifanya kazi yake kuwa ya bure. Elimu aliyoipata kwa uchache wa maji ndiyo elimu ihitajiwayo na mwanawe au mjukuu wake aliyeshuka kulima mpunga kando ya Ruvuma. Zamani onyo lilishuka kutoka kwa wazee likawapandisha watu mlimani. Leo watu wamekwisha kushuka, na wengi wao hawatapanda tena kukaa. Yafaa maarifa ya juu yawafuate huko chini, katika kila nyumba, kabla ya mto kubadilika rangi.